Krismasi ya uchagani kwa mtu mkimya

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa Wachaga wanaorudi nyumbani mkoani Kilimanjaro: Rombo, Marangu, Machame, Kibosho. Shule zimefungwa, jua kali, na siku chache za mwisho wa mwaka hubeba ubatizo, harusi, misa za kumbukumbu na vikao vya ukoo. Kwa mtu ambaye nguvu zake hurudi akiwa peke yake, ratiba hiyo ni nzito. Wengi ninaowashauri huvumilia mpaka wameishiwa kabisa, ndipo wanajifungia chumbani. Hapo ndugu huanza kusema unaumwa, umekasirika au una maringo, na mlango unagongwa mchana kutwa. Pumzika kabla hujachoka.

Ukiweza, fika tarehe 21 au 22. Siku ya kwanza lala. Ya pili zungukia wazee, nyumba nne au tano, kila moja nusu saa: toa shikamoo, kaa, pokea unachokaribishwa. Mkiwa wawili watatu, mtu mkimya huongea vizuri tu. Tena wazee ukishawasalimia nyumbani kwao, tarehe 25 ukikaa pembeni hakuna atakayekunung'unikia.

Siku yenyewe chukua kazi. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu mwenye kazi haulizwi mbona kanyamaza. Chukua kumenya ndizi za machalari, yaani ndizi zinazopikwa na nyama: jipake mafuta ya kupikia mikononi ili utomvu usigande, menya, tumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Sufuria la watu 30 litakuweka zaidi ya saa nzima na shangazi wawili, macho kwenye kisu, maneno yakija yenyewe. Kugeuza nyama motoni nako kunafaa. Kugawa vinywaji usikubali, maana utasimamishwa kila meza.

Kila baada ya saa mbili, toka dakika 20. Usitoroke, aga kwa sauti: “Mama, nawakatia ng'ombe majani, narudi.” Kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, kinakuficha vizuri kuliko chumba. Simu iache ndani. Magrupu ya WhatsApp nayo ni watu, na anayeinamia simu kati ya ndugu huonekana anawakwepa.

Maswali ya “utaoa lini?” yaandalie jibu moja fupi, kisha rudisha swali: “Mungu akijalia, baba mdogo. Kahawa ilikuwaje mwaka huu?” Kwenye kikao cha ukoo, mwombe mwenyekiti mapema akupe nafasi mwanzoni, useme dakika mbili ulizojiandalia. Ukingoja mjadala wa mipaka ya shamba upambe moto, hutasikika.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, kunywa kwa ladha yake, si kwa kulegeza ulimi. Pombe hukatakata usingizi, na usingizi ndio unaokurudishia nguvu kuliko kitu kingine chochote. Kama mmelala watano chumba kimoja, amka saa 11 na nusu alfajiri. Nyumba huwa kimya, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri kabla mawingu hayajapanda.

Tarehe ya kuondoka itaje siku unayofika, ukiwa na tiketi mkononi. Ukiitaja dakika za mwisho utabembelezwa, na mkimya aliyechoka hukubali chochote. Panga ufike Dar siku moja kamili kabla ya kurudi kazini, na siku hiyo usimwahidi mtu yeyote kwamba mtaonana.