Penisilini bado inaua kimelea cha mafindofindo

Kipupwe kikishaanza kupeperusha vumbi la Dodoma, kwenye maduka ya dawa muhimu hutasikia ombi jingine: "Nipe rangi mbili, koo linauma," yaani kapsuli za antibayotiki. Nyuma ya ombi hilo kuna dhana zinazoumiza watu, watoto hasa.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba penisilini ni dawa ya zamani, vimelea vimeshaizoea. Si kweli kwa streptokoka wa kundi A, bakteria anayeleta mafindofindo. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na hadi leo yeye hufa kwayo, na kwa amoksilini, dawa ya jamii hiyohiyo, pia. Usugu wake uko kwingine: tetrasaiklini, na sehemu nyingi duniani hata erithromaisini na azithromaisini. Kwa hiyo anayekataa amoksilini akachukua azithromaisini kwa sababu "ni kali", huenda ameiacha dawa ya uhakika kwa ile ya kubahatisha. Ndugu yake, nyumokoka wa nimonia, ni habari nyingine. Huyo amebadili protini ambazo penisilini hushikamana nazo, ndiyo maana kwa nimonia kali au homa ya uti wa mgongo daktari huagiza kuotesha vimelea maabara ili kujua dawa inayowaua.

Wengine huamini amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki ina nguvu zaidi kwa koo. Klavulaniki huzuia kimeng'enya kinachovunja penisilini, na streptokoka hana kimeng'enya hicho. Unalipia zaidi bure.

"Nimepata nafuu siku ya tatu, nimeacha." Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Vidonge vya mafindofindo ya streptokoka humezwa siku 10, au huchomwa sindano moja ya benzathini penisilini, kwa sababu wiki chache baada ya koo kupona mtoto anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo. Tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu dalili zijitokeze, bado inaweza kumkinga.

Je, kila koo linalouma lina bakteria? Hapana, mengi ni virusi. Likija na mafua, kikohozi na sauti kukauka, antibayotiki haisaidii. Kukata kimeo nako hakutibu lolote: huleta kutoka damu na maambukizi mapya.

Mwenye mzio wa penisilini amweleze mhudumu kabla ya kuandikiwa dawa, ili achaguliwe nyingine inayomfaa.