Vipuri vya madirisha ya boti la zamani: anzia kwenye mpira

Ukitafuta dirisha kwa jina la boti utazunguka bure. Waunda boti wengi hawakutengeneza madirisha. Waliyanunua kwa mafundi wa madirisha waliouzia viwanda vingine pia. Safisha fremu ya alumini, hasa ndani upande wa chini, utafute chapa au namba iliyogongwa. Kioo cha awali mara nyingi huwa na alama kwenye kona.

Usipoona kitu, mpira unaozunguka kioo ndio kitambulisho. Kata kipande cha sentimita 3 kwa wembe, ukipige picha ncha ikitazama kamera, rula pembeni. Mpira wa umbo la H una mifereji miwili: mmoja hushika kioo, mwingine ukuta wa boti. Usipime mifereji yenyewe, kwani mpira uliozeeka umeshapotoka. Pima unene wa kioo na wa ukuta kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Faibaglasi iliyotandazwa kwa mkono hailingani unene, kwa hiyo pima pande zote nne. Chunguza pia kama usoni pa mpira kuna utepe mwembamba wa kuukazia. Mara nyingi huo huagizwa peke yake, na ndio unaosahaulika.

Urefu upate kwa kuzungusha futi kwenye tundu, kwa sababu mpira wa zamani umenywea. Agiza uzidi kidogo. Wakati wa kuupachika, usiuvute: ukivutwa utarudi baadaye na kuacha pengo kwenye maungio. Maungio yasikae chini, maji yanakotuama.

Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatiki. Kikivunjika, kinatengenezwa kipya kwa kiolezo cha kadibodi. Andika "nje" kwenye kiolezo, maana dirisha la kushoto na la kulia hutazamana kama kwenye kioo cha kujitazamia.

Akriliki, plastiki angavu inayotumika badala ya kioo, inakatika kirahisi, ila hutanuka: kipande cha mita 1 huongezeka karibu milimita 2 joto likipanda kwa nyuzi 30. Iachie nafasi, na matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu. Ioshe kwa maji ya sabuni tu. Asetoni au spiriti huifanya iwe na nyufa ndogondogo. Gundi ya polisalfaidi, ya kuzibia maji, nayo huila.

Dirisha la kuteleza likivuja, mimi nisingeagiza chochote kabla ya kupitisha waya kwenye vitundu vya kutolea maji chini ya reli. Chumvi na uchafu vikiviziba, reli hujaa na maji humwagikia ndani, hata kama mpira ni mzima.