Mguu unaruka kabla hujamwona nyoka: maswali na majibu kuhusu jicho na hatari

Mtu anaokota korosho, ghafla anaruka nyuma, kumbe ni kijiti. Macho yamemdanganya?

Hayakumdanganya, yamemlinda. Picha inayoingia jichoni husafiri kwa njia zaidi ya moja. Njia kuu huenda hadi kisogoni, ambako ubongo huchambua umbo na rangi mpaka ujue kitu ni nini. Nyingine ni ya mkato: hupita katikati ya ubongo hadi amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi kinachohusika na hofu. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa njia hii ya mkato kwa binadamu, lakini matokeo tunayaona: mwili hushtuka mapema, jina la kitu hufuata. Adrenalini humwagika, mboni hupanuka, moyo hudunda, misuli ya miguu hupata damu zaidi. Kuruka kijiti mara kumi si hasara. Kumkanyaga nyoka mara moja ni hasara kubwa.

Kama macho ni hodari hivyo, mbona watu wanaumwa na nyoka mchana kweupe?

Hapa ndipo penye kazi. Mwaka 2001 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba watu huiona picha ya nyoka kati ya picha za maua na uyoga haraka kuliko wanavyoliona ua kati ya nyoka. Lakini nyoka wa kwenye picha yuko wazi. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, hulala kimya, na rangi yake inafanana na majani makavu yaliyo chini ya mkorosho.

Nyoosha mkono, utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo ambalo jicho huona kwa ukali kabisa halizidi sana ukucha huo. Sehemu nyingine yote ya uoni ni hafifu kwa umbo, ila ni kali kwa kitu kinachosogea: mjusi akikatiza pembeni, shingo inageuka yenyewe. Nyoka asiyesogea haiamshi kengele hiyo.

Tena akili ikishikwa na kutafuta kitu kimoja, kingine hupita mbele ya macho bila kuonekana. Anayetafuta korosho huona korosho. Kwa hiyo usiyaachie macho peke yake. Palilia na ufagie chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka. Vaa gambuti. Shika kijiti kirefu, upekue majani kwanza, ndipo mkono ufuate. Kila baada ya hatua chache, simama utazame eneo zima bila kutafuta chochote.

Na usiku?

Jicho lina chembe za mwanga hafifu, zipatazo milioni 120, na chembe za rangi zipatazo milioni 6. Za mwanga hafifu huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo zifikie nguvu yake. Ukitazama kioo cha simu kinachong'aa, sehemu kubwa ya kazi hiyo inaharibika, unaanza upya. Pale katikati, jicho linapoona kwa ukali mchana, chembe hizi hazipo. Ndiyo maana gizani kitu huonekana vizuri zaidi ukikitazama pembeni kidogo.

Hata hivyo tochi haina mbadala. Mtu hutembea karibu mita 1.4 kwa sekunde, na kuona, kuamua na kuuzuia mguu huweza kuchukua nusu sekunde. Hiyo ni sentimita 70, karibu hatua nzima. Ukimulika vidoleni mwako umechelewa. Mulika mita 2 au 3 mbele, chini kwenye njia.

Mtoto anajikwaa magharibi ikiingia, wenzake wanaona. Ni uzembe?

Usimgombeze. Hiyo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini A, ambayo chembe za mwanga hafifu huitegemea. Mpeleke kituo cha afya mapema, kwa sababu upungufu ukizidi hukausha jicho na kuleta upofu. Nyumbani mpe kisamvu, matembele, mchicha, maembe, mapapai, viazi lishe, mayai na maini. Mboga iungwe kwa nazi, karanga au mafuta, kwani vitamini hii huhitaji mafuta ili mwili uipate. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wapate pia matone yao ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

Nitajuaje kama uoni wa pembeni umepungua?

Presha ya macho hula pembeni kwanza, polepole, bila maumivu. Kaeni wawili mkitazamana, umbali wa mita 1. Wewe ziba jicho la kulia, mwenzako azibe la kushoto, kila mmoja atazame jicho la mwenzake lililo wazi. Mwenzako alete kidole kinachotikisika kutoka nje kuja katikati, juu, chini na pande zote. Akikiona yeye mapema, wewe ukachelewa, nenda ukapimwe. Kipimo hiki hakigundui ugonjwa ulio mchanga, kwa hiyo aliyefika miaka 40, au mwenye ndugu mwenye presha ya macho, apimwe hata kama hana dalili.

Salfa inahusikaje?

Vumbi la salfa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, huwasha macho na kutoa machozi, na jicho lenye machozi huona ukungu. Vaa miwani iliyoziba pembeni, pulizia huku upepo ukiwa mgongoni.

Swila, nyoka anayetema sumu, akimtemea mtu machoni?

Osha papo hapo. Mlaze ubavu, jicho lililopata sumu likiwa chini, fungua kope kwa vidole, mimina maji safi polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 15 hadi 20. Maji ya kunywa mliyobeba shambani yanafaa. Asipikiche, msitie dawa ya majani wala matone ya dukani. Yenye steroidi yanaweza kuzidisha kidonda. Ukiwa Liwale au Newala, usimpakie kwenye bodaboda kwanza ukitegemea ataoshwa hospitali ya Sokoine, Lindi, au Ligula, Mtwara. Akishaoshwa apelekwe kituo cha afya, konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikaguliwe kama ina mchubuko na apewe dawa ya kuzuia maambukizi. Kama sumu imeishia machoni tu na hakuumwa, kwa kawaida hahitaji sindano ya kuzuia sumu ya nyoka.