Mada za usanifu wa mwingiliano: maswali ninayouliza baada ya makofi

Kwenye mikutano ya usanifu wa mwingiliano, yaani kupanga jinsi mtu anavyotumia kifaa au programu, sikimbilii ukumbi mkubwa. Naanza na mada fupi za watafiti wanaoonyesha video za watu wakitumia kitu: mtu anabonyeza, anasita, anarudi nyuma, kisha anampa mwanawe simu amsaidie. Pale aliposita ndipo kazi yetu ilipo, na skrini nzuri zilizopangwa ukutani hazikuonyeshi hapo.

Ndiyo maana nilifurahi AfriCHI, mkutano wa Afrika wa fani hii, ilipofanyika kwa mara ya kwanza, Nairobi, mwaka 2016. CHI, mkutano mkubwa wa kimataifa wa fani hii, ulianzia Marekani mwaka 1982, na kanuni nyingi tunazofundishwa zimezoeleka kupitia kompyuta ya mezani. Chukua sheria ya Fitts ya mwaka 1954: muda wa kufikia kitufe hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Ni kweli, na kwenye simu janja naitumia kila siku. Lakini mteja mwenye kitochi anayepiga *150*00#, namba ya menyu ya M-Pesa Tanzania, hana kitufe cha kulenga kwenye skrini. Ana orodha ya namba, ujumbe usiozidi herufi 182, na muda ambao ukiisha anaanza upya. Kwake yeye, mpangilio wa orodha na idadi ya hatua ndivyo vinavyoamua kama pesa itafika.

Kwa hiyo mwasilishaji akisema njia yake imepunguza makosa, namuuliza: kwa kifaa gani? Aliyepimwa alikuwa ameketi maabara, au amesimama dukani kwa wakala huku foleni ikimsukuma? Jina la mpokeaji likionekana kabla ya kuthibitisha malipo, ni kinga bora kuliko onyo linalokuja pesa imeshaondoka. Lakini kinga hiyo inamtaka mtu asome, na mwenye haraka hasomi.

Wakati wa chai ndipo napata majibu ya kweli. Muulize mtoa mada kuhusu wale walioshindwa. Atakueleza mambo ambayo dakika zake jukwaani hazikutosha kuyasema.

Nikirudi kazini nachagua dai moja tu. Nachora hatua zake kwenye karatasi, naomba ruhusa kwa wakala, na nawaomba wateja walio tayari wazipitie kwa namba za kubuni. Siwaelekezi. Natazama kidole kinasimama wapi, naandika hatua hiyo, na mchoro wa pili unaanzia hapo.