Je, wajua ni vipi pikseli 256 zinatosha kuchora chupa ya dawa?

Vitu vingi unavyookota ndani ya gemu za pikseli, iwe ufunguo, sarafu, upanga au chupa ya dawa ya kuongeza uhai, huchorwa ndani ya mraba wa pikseli 16 kwa 16, yaani vile vimraba vidogo vinavyounda picha kwenye skrini. Zidisha upate 256. Picha moja ya simu ina mamilioni ya pikseli, lakini mchezaji akikutana na ile chupa mbio mbio, anajua papo hapo kuwa ni chupa na ndani yake mna kitu chekundu. Inawezekanaje?

Ni kwa sababu jicho haliangalii mambo madogo madogo kwanza. Linashika umbo la nje, kisha mwanga na giza, kisha rangi. Ukilipatia jicho hayo matatu yakiwa safi, yaliyobaki linajijazia lenyewe.

Udogo huu haukuanza kama mtindo. Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilijenga picha kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kigae cha kitu kinachotembea kiliruhusiwa rangi 3 tu, ukiacha sehemu iliyo wazi. Wachoraji wakalazimika kuwa wajanja. Hata kabla ya hapo, katika gemu ya Donkey Kong ya mwaka 1981, mbunifu wa Nintendo Shigeru Miyamoto alimvisha kofia mhusika tunayemwita leo Mario ili asihangaike na nywele, akamwekea masharubu ili asilazimike kumchora mdomo. Na katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mawingu na vichaka ni mchoro uleule uliobadilishwa rangi!

Tuchore basi hiyo chupa. Katika programu ya kuchorea, fungua turubai (eneo la kuchorea) ya pikseli 16 kwa 16, chukua penseli ya pikseli 1 na rangi moja tu ya giza. Tumbo la chupa liwe duara lenye upana wa pikseli 12. Anza juu na pikseli 4 zilizolala, shuka hatua moja uweke 2 zilizolala kila upande, kisha 2 zilizosimama, kisha 4 zilizosimama. Chini ya hizo 4 za mwisho ni hivyo hivyo kinyumenyume. Huo mfuatano wa 4, 2, 2, 4 ndio siri ya mkunjo laini: vipande vinapungua kwa utaratibu, kisha vinaongezeka kwa utaratibu. Ukiweka 4, kisha 1, kisha 3, jicho litaona nundu mahali ambapo hukukusudia. Juu ya duara simamisha shingo yenye upana wa 4 na urefu wa 4, mbili za juu zikiwa kizibo. Turubai imejaa kutoka juu hadi chini.

Kwa nini shingo iwe 4 na si 3? Kwa sababu 12 ni shufwa na 3 ni witiri. Shingo ya pikseli 3 haiwezi kukaa katikati ya tumbo la pikseli 12 hata ufanyeje. Lazima iegemee upande mmoja. Anayeanza huhangaika sana hapa, akisogeza kushoto na kulia, kumbe tatizo ni hesabu.

Kabla ya kutia rangi nyingine, jaza umbo lote kwa ile rangi moja na ulitazame bila kulikuza. Kama halisomeki kuwa chupa, rudi kwenye umbo. Rangi hazitaliokoa, na hili nalisisitiza kuliko jambo lolote lingine.

Sasa mwanga. Amua unatoka wapi. Wengi huchagua juu kushoto. Usizungushe kivuli sawasawa kufuata ukingo wote, maana kitu kitavimba na hakitakuwa na chanzo cha mwanga. Kioo chenye kimiminika nacho kina tabia yake, ambayo mimi huiona nzuri mno: mng'ao mkali hukaa juu kushoto, pikseli 2 nyeupe zinatosha, lakini mwanga huo hupenya ndani na kung'arisha kimiminika upande wa pili, chini kulia. Weka pale pikseli chache za rangi angavu, na ghafla chupa itakuwa na kitu ndani.

Kwa dawa nyekundu, rangi 3 zinatosha: nyekundu ya kati, ya giza na ya angavu. Ya giza usiipate kwa kuongeza nyeusi tu. Isogeze kidogo kuelekea zambarau. Ya angavu isogeze kuelekea rangi ya chungwa. Rangi zitakuwa na uhai badala ya kuonekana zimechafuka.

Programu si jambo la kukuumiza kichwa. Piskel hufanya kazi bure kwenye kivinjari, LibreSprite nayo ni ya bure, na Aseprite, inayopendwa na wengi, ni ya kulipia. Kilicho muhimu ni mipangilio. Penseli isilainishe kingo. Hifadhi faili kwa aina ya PNG, kwa maana aina ya JPEG hubana picha kwa kuchafua rangi za jirani. Na unapokuza, tumia namba nzima, mara 2, 3 au 4, bila kulainisha. Ukikuza mara mbili na nusu, pikseli nyingine zitakuwa na upana wa 2 na nyingine 3, na duara lako litapinda.

Chupa ikikamilika, badilisha zile nyekundu ziwe buluu na utakuwa na dawa ya pili bila kuchora upya. Kisha jaribu ufunguo, kwa rangi zilezile ulizokwisha kuzoea na mwanga kutoka upande uleule, ili vitu vyako vionekane vya mchezo mmoja. Tundu la kichwa cha ufunguo lipe angalau pikseli 2 kwa 2. Likiwa la pikseli moja, litaonekana kama doa.