Kibali cha bima kipo, mbona dai limekataliwa?

Je, wajua kwamba kampuni ya bima inaweza kukubali kipimo Jumatatu, mgonjwa akapimwa Alhamisi, kisha ikakataa kulipa, na bado ikawa haijavunja ahadi yoyote?

Nilipoanza kazi katika ofisi ya bili ya hospitali moja huku Marekani, sikujua. Kwa kuwa nazungumza Kiswahili, simu za wagonjwa waliotoka Kongo na Burundi zilikuwa zinaletwa kwangu. Nikiona nambari ya kibali kwenye kompyuta, nilikuwa nasema, "Usiwe na wasiwasi mama, bima wameshakubali." Niliichukulia nambari ile kama hundi iliyosainiwa, imebaki kupelekwa benki tu. Nilikosea, na wapo waliopata bili ambayo niliwaambia haitakuja.

Kibali cha awali ni ruhusa ambayo ofisi ya daktari huiomba kabla ya huduma fulani, hasa zile za gharama kubwa: MRI (kipimo cha mashine kinachopiga picha za ndani ya mwili), upasuaji uliopangwa, dawa nyingi za saratani. Huduma za dharura hazimo. Kwa mipango mingi ya bima, sheria ya shirikisho inakataza kudai kibali kwanza kwa huduma hizo za dharura.

Kosa langu lilikuwa kudhani kibali kinajibu swali la malipo. Kinajibu swali jingine kabisa: kwa maelezo tuliyopewa leo, je, huduma hii inahitajika kitabibu? Hapo ndipo kinapoishia. Hakisemi kama mgonjwa atakuwa bado mwanachama siku ya kipimo. Mtu anaweza kuacha kazi tarehe 28, bima ya mwajiri ikafa mwisho wa mwezi, naye akapimwa tarehe 3 akiwa na kibali ambacho tarehe zake hazijapita. Hakisemi pia kama amekwisha kufikisha kiasi anachopaswa kulipa mfukoni mwake kwanza. Barua nyingi za kibali zina mstari unaotamka wazi kwamba hii si dhamana ya malipo. Mimi nilikuwa naruka moja kwa moja kwenye nambari.

Lakini hata uanachama ukiwa hai, kuna mahali pengine dai la malipo tunalolipeleka kwa bima linapokwama, na hapo ndipo jambo lenyewe linapovutia. Fikiria tiketi ya basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya. Ina jina lako, tarehe, kampuni ya basi na kituo cha kushukia. Kondakta haulizi kama safari yako ni ya msiba au ya harusi, hayo hayamhusu. Anatazama karatasi, anamtazama aliyekaa kitini. Ukipanda basi la kampuni nyingine siku hiyohiyo, kwenda Mbeya ileile, tiketi yako ni halali lakini si ya basi hilo.

Kompyuta ya bima ndiyo huyo kondakta. Inalinganisha mwanachama, aliyetoa huduma, mahali, tarehe, msimbo wa huduma na idadi. Tuseme kibali kimetolewa kwa MRI ya goti bila dawa ya kung'arisha picha. Msimbo wake ni 73721. Mgonjwa akiwa ndani ya mashine, daktari wa picha anaona kivuli asichokielewa, anaagiza dawa ichomwe na picha zirudiwe. Sasa huduma imekuwa 73723. Kitabibu ni uamuzi mzuri. Kwenye fomu ya madai ya CMS-1500, nambari ya kibali inakaa kisanduku cha 23, na msimbo wa huduma unakaa 24D. Karani akiitazama fomu haoni kosa, kwa sababu kila kisanduku ni sahihi kikiwa peke yake. Mgongano unaonekana tu kwenye faili la bima, ambako nambari ile imefungwa kwenye 73721.

Jibu la bima huweza kurudi na msimbo wa sababu ya kukataa, kama 15, yaani nambari ya kibali haipo, si sahihi au haihusiani na huduma iliyodaiwa. Au hurudi na 197, kibali hakikuwepo, wakati unakiona kwa macho yako. Usiishie kwenye tarakimu. Soma herufi mbili zilizotangulia. CO maana yake hasara hiyo inabaki kwa hospitali kwa mujibu wa mkataba, na mgonjwa hatakiwi kutumiwa bili. PR ndiyo inayomhusu mgonjwa. Herufi hizo zikisomwa vibaya, familia inaweza kulipa deni lisilo lake.

Bima nyingi huruhusu kibali kurekebishwa huduma ikibadilika, ila muda ni mfupi na kila kampuni ina wake. Ndiyo maana habari ya ile sindano inapaswa kutoka chumba cha MRI na kufika ofisi ya bili siku ileile.

Bima ikikataa kabisa kutoa kibali, rufaa ipo. Mwaka 2023, katika mipango ya Medicare Advantage (bima ya serikali ya wazee na baadhi ya wenye ulemavu, inayoendeshwa na kampuni binafsi), maombi milioni 3.2 yalikataliwa yote au sehemu. Takriban asilimia 12 tu ya hayo yalikatiwa rufaa, na zaidi ya asilimia 80 ya rufaa hizo zilifaulu. Hii haithibitishi kwamba yaliyobaki nayo yalikataliwa kimakosa, maana huenda wanaokata rufaa ndio wenye hoja nzito. Hata hivyo, kwangu inatosha kumwambia daktari asikubali jibu la kwanza. Kuanzia Januari 2026 mipango hiyo, pamoja na ya Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini), inatakiwa kujibu maombi ya haraka ndani ya saa 72 na ya kawaida ndani ya siku 7, dawa zikiwa nje ya kanuni hiyo. Bima nyingi za waajiri hazibanwi nayo.

Siku hizi nikipiga simu nasema hivi: "Mama, wamekubali picha ya goti la kulia, bila dawa, hapa kwetu, hadi tarehe 30. Asubuhi ya kipimo njoo na kadi ya bima, tuiangalie tena pamoja."