Robo saa kabla ya bido ya maji

Hapa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, hatukosi maombi. Jumapili ibada inachukua asubuhi nzima, katikati ya wiki kuna chumba cha maombi au shirika (jumuiya ndogo ya Wakatoliki mtaani), Ijumaa makesha, na mwaka mpya unafunguliwa kwa kufunga. Lakini ukimuuliza mtu Jumatano mchana roho yake inaendeleaje, atakuambia amechoka. Naona tatizo liko kwenye kipimo. Anayekula karamu siku mbili na kulala njaa siku tano hawezi kuwa na nguvu, hata karamu iwe nono namna gani. Ninachofundisha ni robo saa ya maombi na Neno, kila siku.

Kwanza mahali. Katika Mathayo 6:6 Yesu anasema uingie chumba chako cha ndani na ufunge mlango. Neno la Kigiriki pale ni tameion, yaani stoo. Luka 12:24 inalitumia hilohilo kwa kunguru wasio na ghala. Kwa hiyo usingoje kupata chumba kizuri. Kwenye nyumba ya vyumba viwili kule Kadutu, hapa mjini, yenye watu tisa, stoo yako inaweza kuwa kona ya kitanda na kitenge ulichojifunika kichwani. Waambie wenzako wa nyumbani mara moja tu: nikijifunika hivi, mnisubiri kidogo. Hata watoto wanalizoea jambo hilo haraka.

Kisha saa. Saa kumi na moja alfajiri inawafaa wengi, kabla simu haijawashwa. Ila mama anayeamka saa kumi kupanga bido, yaani madumu ya maji, kwenye bomba asijilaumu kwamba amemkosa Mungu asubuhi. Matendo 3:1 Petro na Yohana wanakwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa, na Matendo 10:9 Petro anaomba saa sita. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati hapa, maana saa tisa ya maandiko ndiyo saa tisa yetu, hakuna hesabu ya kufanya. Mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akipata utulivu saa tisa mchana, soko limepoa, hiyo ndiyo saa yake.

Dakika kumi na tano nazigawa hivi. Mbili za kukaa kimya na kupumua taratibu, bila neno lolote. Tano za kusoma mistari saba hadi kumi, mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Tatu za kuandika sentensi moja kwenye kaye, yaani daftari. Nne za kuomba ukitumia maneno ya andiko lenyewe. Moja ya mwisho ni ya kuchagua tendo moja la siku hiyo, lenye jina la mtu ndani yake. Anza na Marko, ambayo ina sura 16. Kwa mwendo huo unaimaliza kwa takriban miezi miwili na nusu. Mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka unadai sura zaidi ya tatu kwa siku, na wengi huwa wanaishia kwenye Walawi, mwezi wa pili.

Chukua Marko 4:35-41, mashua kwenye dhoruba. Sisi tunaopanda mashua kwenda Goma au kisiwa cha Idjwi tunaijua sauti ya Ziwa Kivu likichafuka usiku. Kwenye kaye mtu anaweza kuandika: "Yesu amelala juu ya mto wa kulalia, wanafunzi wanaogopa, na wote wako mashua moja." Sala yake inatoka palepale, kwa kilio cha wanafunzi: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Na tendo: leo nimwambie mwenye nyumba ukweli kuhusu kodi ya miezi miwili, badala ya kumkwepa. Ukiandika "leo niwe na imani zaidi", jioni huna cha kupima.

Makosa yanayovunja robo saa nayajua ni yaleyale. La kwanza ni kuirefusha: wiki ya kwanza mtu ana moto, anafika saa nzima, wiki ya tatu anaacha yote. Usipite dakika ishirini kwa siku arobaini za mwanzo. La pili ni kulipa madeni. Ukiruka siku nne, endelea pale ulipofikia. Ukijaribu kusoma za siku nne kwa pamoja unageuza chakula kuwa adhabu. La tatu ni kusoma Biblia ndani ya simu. Ujumbe mmoja unaingia na robo saa imekwisha. Biblia ya karatasi, hata iliyopasuka jalada, inafaa zaidi.

Kufunga kunahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Mtu mzima mwenye afya aanze hivi: anakula chakula cha jioni, halafu hali kitu hadi saa tisa mchana kesho yake, akinywa maji, lita mbili hivi, kidogo kidogo. Aliyezoea kahawa au chai nyingi apunguze vikombe siku tatu kabla, la sivyo kichwa kitamuuma naye atadhani ni vita vya kiroho. Wakati wa kufungua, aanze na uji mwepesi au ndizi mbivu, akae nusu saa, ndipo ale kawaida. Kufungua kwa bugali na nyama baada ya siku kadhaa bila chakula kunaleta maumivu ya tumbo na kutapika, na kwa mwili uliodhoofika kunaweza kuwa hatari kabisa.

Kufunga bila chakula wala maji siku tatu kunatoka Esta 4:16, siku taifa zima lilipokuwa limehukumiwa kifo. Haikuwa ratiba ya kila mwezi. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, na anayemeza dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI wasifunge chakula. Wafunge simu, maneno makali au matumizi. Tena dawa haziachwi kwa ajili ya maombi. Anayekuamuru kuziacha, usimtii, hata akiwa madhabahuni. Pesa ya chakula ambacho hukukila iende kwa jirani mwenye njaa, kama Isaya 58:7 inavyoagiza.

Makesha nayo yana kipimo. Moja kwa mwezi linatosha, na kesho yake ulale. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika akampa mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, kule Horebu. Mtu aliyekosa usingizi usiku mbili mfululizo akianza kulia na kuwafokea watoto, mpeni kitanda kwanza, kabla ya kumtafutia pepo.

Tangu vita ilipoingia mjini mwezi wa pili 2025, wengi wanaona aibu kumlalamikia Mungu. Zaburi 13 inaanza kwa "hata lini", na inalirudia mara nne katika mistari miwili. Zaburi 88 inaishia gizani, bila shukrani ya mwisho, na bado imo ndani ya Biblia. Soma Zaburi 13 kwa sauti, kisha kwenye kaye andika "hata lini" yako mwenyewe, moja tu. Lakini kama kwa wiki mbili hulali, chakula hakina ladha na unatamani kufa, maombi yaendelee na uende kwa daktari pia. Hapa Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili. Kwenda huko hakupunguzi imani yako hata chembe.

Mwisho, kundi. Watu sita hadi kumi na wawili, kila mmoja dakika tatu za kusema hali yake, wengine wakisikiliza bila kushauri. Kinachoharibu makundi ni siri kutoka nje: "tumuombee dada fulani, ndoa yake..." na kesho mtaa mzima unajua. Wekeni sharti kwamba mtu anataja shida zake tu. Anayedai pesa ili akupe ufunuo hafai kuongoza. Na mwenzenu akikosa mara mbili, wawili waende kwake kabla ya mkutano wa tatu. Wasibebe swali la kwa nini hakuja. Wabebe mkate, wakae naye, na kama ana bido za kujaza, wamsaidie kuzipandisha.